Mlango wa Nyuma wa Depo ya Pamba

Nasema wazi tangu mwanzo: katika miaka ile ya Chama kimoja, mji wetu wote wa Baraka, kando ya ziwa, haukuwa na mtu mwingine mwenye diploma ya ujenzi. Nilikuwa peke yangu. Sikuipata kwa mjomba mwenye cheo wala kwa huruma ya mapadri. Niliipata Kalemie, ambako mchana nilibeba magunia bandarini na jioni nilikaa darasani mabega yakiniwaka moto, na bado nikawashinda watoto wa makarani. Niliporudi nyumbani, yaya, yaani dada yangu mkubwa aliyenilea, aliichukua diploma hiyo akaitundika juu ya kitanda chake. Nikamwachia. Alistahili.

Kwa hiyo mkuu wa Chama wa pale kwetu aliponiita nijenge jukwaa la kumpokea mgeni kutoka Bukavu, sikushangaa. Angemwita nani mwingine? Mkutano ungefanyika katika depo ya zamani ya pamba. Nililipima jengo lote kwa futi yangu ya chuma. Mlango wa mbele ulikuwa mmoja. Wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa matofali, na mlinzi aliniambia sababu yake huku anacheka: watu walikuwa wakiutumia kutoroka hotuba, wakimbilie samaki wao kabla jua halijawaharibu.

Lakini kilichonichoma zaidi ni meza. Kila aliyeingia mkutanoni aliacha karata yake ya Chama, yaani kadi ya uanachama yenye picha, mezani, pale pale mlangoni, akarudishiwa hotuba ikiisha. Ndivyo walivyojua nani amekuja, na ndivyo walivyowafunga watu bila kamba. Bila karata hupiti kizuizi cha askari, uwe unakwenda Fizi au Swima. Utalala kasho, yaani mahabusu.

Niliandika ukurasa mmoja kwa mwandiko ambao hata karani wa zone, yaani wa wilaya, aliusifu. Mlango wa nyuma ufunguliwe. Meza ihamishwe mbali na njia. Mashine ya umeme ikae nje, kwa sababu nyuzi za pamba zilikuwa bado zimejaa katika nyufa za kuta na juu ya mihimili. Watu wasizidi nafasi. Nikaupeleka ofisini, nikamsomea mkuu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza akichokonoa meno.

"Sitwayeni," aliniita, kama Chama kilivyoamuru kila raia aitwe, "kule ku masomo banafundishaka watu kukimbia?"

"Banafundisha kujenga, mukubwa. Na nyumba ya watu wengi inakuwaka na njia mbili."

"Batu ba Chama habakimbiake. Balikutuma ujenge jukwaa ao ufungulie bavivu mulango?"

Makarani wawili wakacheka. Tangu siku hiyo wakaniita Bwana Milango, na mitaani watoto wakalidaka jina hilo. Mimi, niliyejua kupiga hesabu ya uzito wa paa!

Nilimwomba yaya asiende. Alikuwa katika kundi la akina mama walioamriwa kuimba na kucheza mbele ya mgeni, na kiongozi wao alikuwa na orodha.

"Nisipoenda watakuja kuniuliza hapa nyumbani," alisema huku akifunga kitenge chenye picha ya Rais. "We unajua vya nyumba. Vya batu, uniachie mi."

Siku yenyewe mvua ilianza mgeni akiwa katikati ya maneno yake. Mkuu akaamuru mashine ya umeme iingizwe ndani ili kipaza sauti kisizimike. Nikaenda mbele yake, mbele ya watu wote, nikamwambia haifai. "Utoke inje na ukurasa yako!" alinijibu, na vijana wa Chama wakanisukuma hadi mvuani. Nikasimama nyuma ya depo, chini ya ukingo wa paa.

Kilichofuata nilikisikia kabla sijakiona. Mtu alimimina petroli wakati mashine inanguruma. Ikamwagika, ikashika, na moto ukapanda ukutani kwenye zile nyuzi za pamba nilizozitaja kwa mkono wangu. Nilikuwa na mtalimbo wa kazi. Matofali ya ule mlango yalishikwa kwa udongo tu, kazi ya ovyo kabisa, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru fundi mbovu. Nikapiga mpaka likatokea tundu la mtu kupita.

"Njia iko huku!" nilipiga kelele. "Mukuje huku!"

Walinisikia. Waligeuka, wakaliona tundu na mwanga wa mchana. Kisha wakanipa mgongo, wakaenda mezani. Wote. Walikuwa wamelundikana juu ya meza ile wakichakura karata, wamejiziba wenyewe mlango wa mbele, moshi ukishuka vichwani mwao. Sijawahi kuona akili za watu zikiharibiwa kiasi kile. Niliingia, nikamtafuta yaya, nikamkuta ameanguka chini ya meza iliyopinduka, mkono wake wa kulia umepinda pasipo kiungo.

"Karata yangu," alisema.

"Yaya, twende!"

"Na kesho nitapitia wapi? We utanipitisha?"

Nilimvuta kwa nguvu, akinitukana. Walipoona mmoja ametoka, wengine wakafuata. Mvua, iliyokuwa ikimwagika kupitia mabati mabovu, ikauzima moto. Hakufa mtu, na hilo ndilo lililowapa jeuri wakubwa wa Chama.

Siku ya pili mkono ulikuwa umevimba hadi bega. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kizuizi. Nikaenda kuomba karata ya yaya na yangu, zilizokuwa zimeokotwa pamoja na nyingine. Juu ya meza ya mkuu nikaukuta ukurasa wangu.

"Uliandika moto kabla moto ikuje," alisema. "Mutu anajuaje, kama si yeye aliwasha?" Kisha akatabasamu. "Lakini mi niko baba. Ulivunja ukuta ya Chama. Uzibe, nikupe karata."

Niliwaza kukataa. Ningelala kasho kwa fahari, hilo nalijua. Lakini mkono haukuwa wangu. Nikachanganya saruji badala ya udongo, kwa sababu sijui kufanya kazi mbovu hata ninapolazimishwa, nikaziba kwa mikono yangu njia niliyoifungua, vijana wa Chama wakiniimbia Bwana Milango. Kazi ilinichukua siku mbili.

Siku iliyofuata tulifika kizuizini. Askari alizigeuza karata zetu mbele na nyuma, akatulinganisha na picha, akashusha kamba. Mkono hakuutazama. Hospitalini muuguzi aliushika, akauliza tumechelewa wapi, kwa sababu kwa uvimbe ule mfupa usingenyooshwa tena vizuri.

"Alikuwa anajenga," yaya alijibu kabla sijafungua kinywa.

Mkono ulibaki umepinda. Mpaka leo anamenya muhogo kwa mkono wa kushoto, na akiniona ninautazama huugeuza upande.