Stendi ya Kupigia Picha Shafaki

Soko la wanawake la Ibra ni la Jumatano asubuhi, na mwanamme hatii mguu. Ndiyo mume wangu akabaki ndani ya gari nje ya lango, kioo kakishusha, simu sikioni, na miye nikaingia kumnunulia kitu ambacho nilikuwa sijui kichwa chake wala miguu yake. Miguu nilijua mitatu. Basi.

Kitu chenyewe stendi ya kamera. Mume wangu alipenda picha tangu yuko kazini, na alipostaafu ndiyo akazidi. Akenda Wadi Bani Khalid, akenda Jabal Akhdar kwenye mawaridi, na lile dude lake la chuma kalitia begani kama anakwenda kujenga nyumba. Lakini hamu yake khasa ilikuwa kwenda kule juu ya dunia, kwenye theluji, akapige picha zile taa za kijani zinazocheza mbinguni. Yeye akiziita shafaki ya kaskazini. Miye namtania: "Bwana we, shafaki, ule wekundu wa magharibi, si ndiyo ikizama tunasali isha? Sasa huko isikozama, mtasali lini?" Ananijibu kwa ile sauti yake ya puani, kila neno kalipima kama dhahabu: "Bibi. Hilo. Lina wenyewe."

Halafu moyo wake ukaanza kumtupa mkono. Tulimpeleka Nizwa, hospitali, na daktari akasema maneno mbio mbio kama anakimbizwa na mbwa. Tulipotoka, binti yetu akanivuta nyuma ya nguzo. Huyu binti kwa kawaida sauti yake kama mpiga mnada, siku ile ikawa ya paka kwenye mvua. "Mama, Baba ndege hapandi tena. Na mwaka hamalizi, Mama. Usimwambie."

Sisi mgonjwa wetu haambiwi. Wazima ndio wanaobeba. Basi nikabeba.

Haikupita wiki, mwenyewe ananambia juu ya chai: "Lile dude la chuma siliwezi tena. Nataka stendi nyepesi, ya safari, ikae ndani ya sanduku. Na isiwe ghali, pensheni si kisima." Nimwambie nini? Mtu anataka kununua viatu vya safari, na weye unajua njia imefungwa. Nikasema, "Haya, yallah."

Akapata khabari kuna binti mpiga picha wa harusi. Kwetu upande wa wanawake hupigwa picha na mwanamke mwenzao, na huyu kanunua vyombo vipya, vile vya zamani anaviuza soko la Jumatano. Ndiyo nikajikuta nimesimama mbele ya mkeka wake, kati ya muuza udi na muuza vitambaa, na stendi zake zimelala pale kama samaki.

"Shikamoo, bibi. Hizi yote kizuri. Mimi nimetumia yeye harusi nyingi." Kiswahili chake cha kuokota.

"Marahaba, mwanangu. Na yeye kakutumia weye?"

Muuza udi akacheka mpaka barakoa ikamkaa upande. Simu ikalia kwapani, mume wangu kule langoni.

"Umeziona?"

"Nimeziona. Kuna hii ya chuma, nzito, mama mkwe huyu, akikaa hatoki."

"Hiyo hapana."

"Na hii ya plastiki, nyepesi kama unyoya." Nikaisukuma kwa kidole, ikatetemeka mwili mzima. "Ina homa."

"Hapana, hapana! Taa zile, kamera hukodoa jicho muda mrefu gizani. Stendi ikitikisika kidogo tu, picha inakuwa uji."

Ikabaki moja, nyeusi, miguu myembamba. Yule mpiga picha akasema ni kaboni, haishiki baridi kama chuma, na ikiwa mpya bei yake haigusiki. Lakini hii imechubuka na mguu mmoja hauna kiatu chake cha mpira, basi ataiacha rahisi.

"Vifungo vyake vya kuzungusha au vya kubana?"

"Vya kubana. Kama vibanio vya nywele."

"Mtu akivaa glavu atavifungua?"

Miye glavu nitoe wapi Ibra, na jua lile? Nikauviringa mkono kwa mtandio, nikafungua. Tak. Tak. Wanawake washajaa, wamenizunguka kama naagua.

"Chini katikati, ina ndoana?"

"Inayo."

"Tundika mkoba wako."

Nikatundika. Mkoba wangu una ndimu, una funguo, una kila kitu. Muuza udi akachukua kipepeo chake cha makaa akaipepea kwa nguvu zake zote, ndiyo upepo wa kaskazini huo. Haikutikisika. Nikashangilia.

"Sasa ikunje, inyanyue kwa mkono mmoja," akasema.

"Nishanyanyua."

"Mkono wa kushoto."

"Bwana we, si unajua ule ndio mbovu?"

Nikasikia pumzi yake tu kwenye simu, ile iliyokuwa ikipanda ngazi hata amekaa.

"Inyanyue, bibi."

Nikainyanyua.

"Unaweza kwenda nayo?"

"Mpaka Sur naweza, kwa miguu."

"Basi hiyo hiyo."

Nikafikiri maskini, kwa kuwa haruhusiwi kuingia, ananiazima mkono kujaribia kilicho chake. Kurudi naendesha miye, na yeye njia nzima kaipakata mapajani, anaipangusa kwa kanzu.

Nyumbani nikaushonea ule mguu usio kiatu kisoksi cha kitambaa cha leso. Kila alasiri akawa ananiita ukumbini. "Mguu mmoja mbele, kule kamera inakotazama. Fungua pingili nene za juu kwanza, nyembamba mwisho. Shingo, ile nguzo ya katikati, usiiinue, ukiinua inatikisika." Na miye nafungua, nafunga, na pale pale nambeza namwiga, "Shingo. Usiiinue." Siku moja nikamwambia, "Sasa unanisomesha miye ya nini? Kwani nakwenda miye?"

Hakunitazama. Akawa anasugua kile kisoksi kwa kidole gumba.

"Mguu mmoja mbele," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Na kwamba pale langoni, tangu mwanzo, alikuwa akiupima mkono wangu. Nikaenda jikoni nikakaanga vitunguu, na sikuwa na mchuzi wa kupika.

Hatukulisema. Akafa kabla joto halijavunjika, wakati tende bado zinaanikwa.

Wanawake walipokuja kukaa na miye, siku zilipopoa kidogo, wakaniambia, "Hebu tuigie watu kama kawaida yako, utoe huzuni." Nikawaigia daktari, nikawaigia muuza udi. Mmoja akasema, "Muige marehemu, Mungu amrehemu." Nikafungua mdomo, sauti haikuja. Nikatafuta chini, nikatafuta puani, hakuna. Nikasema nna kikohozi.

Nilipotoka eda, kitu cha mwanzo niliifungua ile stendi chumbani, nikatandika kanzu yake juu, nikaweka chetezo chini, nikaifukiza udi. Mti wa kufukizia nguo ninao, wa mbao, tangu harusi yangu. Sikuutaka ule.

Binti yangu akaniona. Akasema, "Mama, twende kule kwenye taa. Baba aliniambia stendi ni yako." Nikasema naogopa baridi. Uongo. Sikutaka kukiona alichokitamani akakikosa. Nitakitazama kwa macho gani?

Akaenda peke yake na stendi, baridi ilipofika. Akapiga simu ya video maghrib ishapita, kavaa likoti kama godoro, pua nyekundu, upepo unalia nyuma yake, na kwa nyuma mbingu imeanza kuwa kijani kama maji ya birika la shamba.

"Mama, stendi inanuka udi, watu wananiuliza! Lakini inatikisika, Mama, picha zote uji. Na taa zinaondoka. Baba alisemaje?"

Nikataka kumwambia kwa sauti yangu. Ikatoka nyingine, ya puani, maneno yamepimwa.

"Mguu. Mmoja. Mbele. Shingo ishushe. Halafu tundika mkoba."

Halafu nikasikia vibanio, tak, tak, na pumzi yake.

"Imetulia, Baba," akasema.

Nikamwachia hivyo hivyo. Akapiga picha zake, simu yake kaiweka chini, miye nimeshika yangu, simuoni tena, naona theluji tu na kile kisoksi changu cha leso. Kisha simu ikakatika. Nikatazama dirishani. Kwetu shafaki ilikuwa ishazama zamani. Nikenda kutia udhu.