Hodi Niliyopiga Shela

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande, na herufi nyingine huenda zimepotea njiani. Niliishia darasa la nane, na barua hii nimeiandika siku tatu. Ninyi tuliosoma pamoja Mbwajumali mnanijua: kusema siwezi, kwa hiyo naandika.

Nafanya kazi Shela, katika nyumba ya wageni ya Bi Zena. Nafua mashuka, nakuna nazi, napika mkate wa kumimina wa asubuhi. Baada ya Idi, Bi Zena aliniambia, "Nenda kwenu ukapumzike siku kumi. Usiharakishe kurudi." Akanipa na halua. Sasa, Bi Zena si mtu wa kusema pumzika. Hata mwiko ukilala sufuriani huuuliza umechoka nini. Nikajua kuna mtu atakayewekwa mahali pangu.

Asubuhi ya safari nilivaa ndara zangu mlangoni. Miaka miwili naziweka palepale, kulia, chini ya baraza. Nilipageukia mara mbili, kisha nikatembea pwani hadi Amu, mjini Lamu.

Amu, boti ya Faza ilisubiri maji yajae, maana mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakipwa. Askari wa bara alikagua vitambulisho. Akatazama changu, akanitazama mimi. "Unaenda likizo ama umefutwa kazi?" Watu wakacheka. Ulikuwa mzaha, lakini niliubeba hadi Faza.

Mbwajumali nilifika alasiri kwa bodaboda. Mama alinipokea vizuri mno. Sahani ya maua, ile ya wageni, nikawekewa mimi. Nikishika ufagio, ananipokonya: "Keti, wewe mgeni." Nikienda kisimani, mdogo wangu Mwanaidi amekwisha nitangulia.

Siku ya nne nilimuuliza, "Mama, nikirudi nyumbani moja kwa moja, mtanipa kazi gani?"

"Kwani Bi Zena amekwambia nini?"

Sikuwa nimemtaja Bi Zena. Mama akaigeuza simu yake kifudifudi, akaondoka. Usingizi wangu ukaishia hapo.

Siku ya saba sikungoja tena. Nilifika Shela adhuhuri, jua la utosi. Kulia kwa mlango, chini ya baraza, palikuwa na ndara za kijani. Si zangu.

Mnazijua desturi zetu. Mtu wa nyumba hutoa salamu akaingia. Mgeni ndiye apigaye hodi. Nilisimama na mkoba wangu, sijui mimi ni yupi kati ya hao. Kwa Mama ni mgeni, na hapa je? Mwishowe nikasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

Nikarudia.

Bi Zena akatoka na unga mikononi. Aliponiona uso ukambadilika. "Wewe! Wapija hodi nyumbani kwako? Nimekukosea nini?"

Nikazionyesha ndara kwa kidole.

Nyuma yake akachungulia Salma, mpwa wake wa Amu. "Dada, umerudi! Alhamdulillahi. Mkate wako umenishinda. Wageni wa jana waliuliza kama ni wa kula au wa kujengea."

"Mamako ndiye aliyenipigia simu," akasema Bi Zena. "Asema akuota kila usiku. Akaniomba nikupe ruhusa wala nisikwambie, usije ukaona haya ukakataa." Kisha akanisukumia mbuzi ya kukunia nazi. "Haya, kuna. Wasimama kama mgeni."

Nilikuna. Nikapanda darini kuanika mashuka. Upepo ukanipiga nayo usoni, yananukia sabuni. Paka alikuwa amelala ndani ya kapu la nguo, ninamomfukuza kila siku. Siku hiyo sikumfukuza.

Jioni Salma alivaa ndara zake za kijani akaenda zake Amu. Nikapafagia vizuri pale, ndipo nikaweka zangu.

Nilijifunza kwamba kuambiwa "keti" kunaweza kuuma, na kuambiwa "kuna" kukaponya. Lakini sijaacha kushuku. Nikitoka dukani bado naangalia kwanza chini ya baraza. Pakiwa patupu naingia bila hodi, na furaha hiyo hunifikisha mpaka jikoni.

Niandikieni, hata mistari miwili. Nielezeni mlivyorudi makazini baada ya Idi, na kama yuko mwingine aliyesimama mlangoni kama mimi.