Babu Niliyemtunga Akanigeuza Kaka wa Mchumba Wangu

Niliwahi kuanguka kwenye matope mbele ya kanisa zima siku ya Pasaka, niliwahi kumwambia mwalimu wangu "maman" darasani, na hayo yote naweza kuyasimulia huku ninakula, lakini hii ya babu wa kutunga, jamani, hii nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu chumbani ninajifunika uso. Basi chekeni sasa hivi, mumalize, halafu munisikilize.

Kila Jumamosi mchana tulikuwa tunakutana kwa salon ya Trésor, yaani sebuleni kwao, mtaa wa Muhumba, vijana watano wenye diploma na bila kazi ya maana, kucheza ule mchezo wa mezani ambamo kila mmoja anajitungia mtu wake kwenye karatasi, anampa kabila, nguvu na udhaifu, halafu Trésor anasimulia hadithi (yeye ndiye maître wa mchezo, na anajiona kama gavana) na dadu zinaamua kama umeua joka ama joka limekuua. Watu wangu mimi walikuwa wanakufa siku ya kwanza. Mmoja alikufa kabla hata hajafika kwenye pango, aliteleza kwenye daraja.

Wenzangu walikuwa wanachukua vibete wa mapangoni na mashujaa wenye masikio marefu, mambo ya kila siku, na mimi, Merci kwa jina, nikasema hapana, safari hii ninataka mtu mwenye ukoo ambao hakuna mtu amewahi kuuona. Nikamtungia: upande wa mama, mamba-muntu, yule mwanamke wa ziwani mwenye mkia wa samaki, upande wa baba, wafalme saba wa mlima wa moto, kila mmoja na jina lake na vita yake, na wa kwanza wao alikuwa Mwami Lubambula, yaani Mfalme Lubambula, aliyepigana na ziwa siku tatu mpaka ziwa likarudi nyuma. Nilifanya kazi hiyo juma zima. Hata mémoire yangu ya kumalizia chuo sikuiandika kwa bidii ile. Ansima, mchumba wangu, nilimchosha na Lubambula asubuhi na jioni mpaka akaniambia, "Merci, kama unamupenda hivyo, umuoe yeye."

Sasa, juma lile lile ndilo familia yangu ilikuwa inakwenda kwao Ansima kujitambulisha.

Kwetu siku hiyo baba na mama wa kijana hawasemi. Wanakaa, wanavaa vizuri, wananyamaza, na msemaji wa familia ndiye anayesema yote, na upande wa msichana vilevile. Msemaji wetu alikuwa Tonton Déo, ndugu ya maman, mtu mwenye mdomo ambao unaweza kukuuzia shati ulilovaa. Akaja Ijumaa mchana akanikuta kitandani na karatasi zangu za mchezo, akasema, "Merci, nipatie ukoo wa baba yako, mimi niko wa upande wa mama yako, siujue. Na bale batu bataulizaka mpaka ku mizizi!"

Papa, baba yangu, anashona viatu kule Cimpunda, chini ya bâche, turubai la bluu. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto, na mababu wa nyuma zaidi hawajui. Ukoo wetu wote unaenea kwenye mstari mmoja wa daftari na nafasi inabaki. Na kwao Ansima, nyumba ya Ibanda yenye bougainvillea kwenye geti, watu walisema wanahesabu babu kumi bila kupumua. Papa alikuwa pale pale uani, anapaka rangi viatu vyake vya kesho. Ningetoka hatua tano nikamuuliza. Lakini niseme tu wazi, kwa sababu ndiyo hiyo aibu yenyewe: nilimuonea baba yangu haya. Nikachukua ile karatasi ya Lubambula, nikafuta jina la mtu wangu wa mchezo chini kabisa, nikaandika langu, nikamkabidhi Tonton.

"Soma upande huu tu," nikamwambia. "Usigeuze."

Tonton akasoma, macho yakamtoka. "Mwee! Na baba yako ananyamaza tu na mambo kama haya?"

Kesho yake tukakaa kwa salon ya kwao Ansima, viti vya plastiki safu mbili zinaangaliana, sucré, zile soda, na karanga mezani, Ansima chumbani nyuma ya pazia. Msemaji wao alikuwa Papa Kizito, préfet, mkuu wa shule aliyestaafu, kofia kichwani na fimbo ambayo haihitaji. Tonton akasimama, akakohoa, akafungua karatasi, na hapo nikajua kwamba sikumpa ukoo, nilimpa petroli. Kila mfalme alimwongezea ng'ombe. Kwa Lubambula alishusha sauti kama padri anapoinua hostia kwenye consécration, ziwa likarudi nyuma tena, safari hii siku saba, na maman zetu wakapiga vigelegele. Akateremka jina kwa jina, "akamuzaa, akamuzaa," mpaka yule wa saba, "na yeye akamuzaa huyu Merci munamuona hapa!"

Macho yake yakaenda kwa papa, yakarudi kwenye karatasi. Alikuwa ameona. Katika juma zima la kutunga wafalme, na katika usiku mzima wa kulala vizuri, sikukumbuka kuingiza jina la baba yangu. Tonton akaketi. Papa akainamisha kichwa, akaangalia viatu vyake.

Mambo yangeishia hapo, maana mtu akishasema vizuri watu wanapiga makofi tu. Lakini Papa Kizito hakuweza kukubali kwamba watu wa Cimpunda wana babu mkubwa kuliko wa kwao. Akasimama polepole, akaegemea ile fimbo. "Lubambula," akasema. "Lubambula wa ku mulima? Ule si ndiye ndugu ya babu ya babu yetu? Sisi tuko tunamujua! Ata kaburi yake najua fasi iko!"

(Kaburi! La mtu niliyemtunga nikiwa nimelala na soksi moja mguuni.)

Na Tonton Déo, badala ya kunywa sucré yake kwa amani, akavuka salon akamkumbatia. "Ndiyo yeye! Kumbe tuko damu moja!" Watu wakasimama, wakakumbatiana, wazee wawili wakashikana mikono kama ndugu waliopotezana vitani. Na mimi nilikuwa ninacheka. Ninawaapia, nilikuwa ninacheka, niliona mambo yamenyooka kabisa.

Ndipo Tantine Béa, shangazi ya Ansima aliyetoka Nyangezi asubuhi ile, akaweka glasi yake mezani. "Sasa kama ni damu moja," akauliza, "banaoana namna gani? Huyu si kaka yake?"

Waliokumbatiana wakaachiana. Papa Kizito akafikiri, akavua kofia. "Ni kweli," akasema, na sauti ya huzuni kabisa. "Haiwezekane. Ni muiko."

Pazia likafunguka. Ansima alikuwa amesimama pale, amejifunga kitambaa chake kipya, ananiangalia tu, na yeye Lubambula anamjua kuliko mtu yeyote mle ndani. Miaka mitatu ya kupendana ilikuwa inakwenda na maji kwa sababu ya mchezo wa dadu. Nikasimama.

"Wazee, munisamehe. Lubambula hajawahi kuishi. Nilimutunga mimi."

Mungekuwa ninyi mungesema watafurahi. Papa Kizito akanielekezea fimbo. "Kijana, unasema mimi niko muongo?" Na Tonton wangu mwenyewe, wa damu, akanivuta koti: "Merci, kaa chini! Usitukane babu yako mbele ya batu!"

Nikaona ushahidi ndio utaniokoa. Nikamnyang'anya karatasi nikaigeuza. "Angalieni! Uzima ishirini na ine, nguvu kumi na saba, ni mchezo!" Papa Kizito akaichukua, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti ya préfet ambayo inafika mpaka barabarani: "Mama yake: mamba-muntu. Anapumua ndani ya maji. Anaogopa chumvi."

Vichwa vyote vikamgeukia maman yangu. Maman ana tension, presha ya damu, na dakika kumi tu kabla ya hapo alikuwa amekataa karanga kwa sauti ya juu, kwa sababu zina chumvi.

"Kwa jina la Yesu!" Tantine Béa akaruka, mkono juu, akaanza kufunga pepo. Jirani mmoja akavuta kiti chake nyuma. Maman akaanza kulia, Tonton akaanza kueleza kwamba mkia ni namna ya kusema tu, na mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Basi papa akasimama. Hairuhusiwi, baba hasemi siku ile, lakini alisimama na koti lake la kuazima lenye mikono mirefu.

"Musitafute mbali," akasema. "Mimi ndiye baba yake. Naitwa Bahati, nashonaka viatu kule Cimpunda. Baba yangu aliitwa Ntole, alilimaka mupunga kule Luberizi, alikufa niko na miaka sita. Wa mbele yake siwajue. Ni hao tu."

Akaketi.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Baba yake Ansima, ambaye tangu asubuhi hakufungua mdomo, akamgeukia papa, akasema, "Aksanti, papa. Mutarudia mwezi ujao, na utasema wewe mwenyewe." Akawaonyesha Tonton Déo na Papa Kizito kwa kidole. "Hawa wawili batabakia inje."

Tulirudi, papa akasema maneno yake yale yale, hakuongeza hata moja, tukapewa Ansima. Papa Kizito mpaka leo anaapa kwamba kaburi la Lubambula liko, na siku ya ndoa yetu yeye na Tonton walinywa kwa jina la babu huyo wakalia machozi, mimi nimekwisha kuwaachia, wamchukue.

Lakini kinachoniamsha hadi sasa si fimbo wala mkia wa samaki. Siku ile ile ya kwanza tulirudi Cimpunda kwa miguu, maman mbele na mashangazi, mimi na papa nyuma. Hakunigombeza. Tulipofika kwenye mteremko akaniuliza, pole pole tu:

"Huyo mutu wako wa muchezo, iko na baba?"

"Ndiyo, papa."

"Anafanyaka kazi gani?"

"Ni mwami, papa."

"Aa," akasema. "Basi."

Akaendelea kushuka, anakwepa mawe ili viatu visichubuke. Afadhali angenipiga. Tangu siku ile sijamtungia mtu ukoo, na sitatunga tena, na mtu akiniuliza wa kwangu, ninaanza na fundi wa viatu.