Mti Uliosafishwa

Hasira ya siku ile ninayo hadi leo. Mjakaranda ulikuwa mbele ya nyumba yetu ya Buruburu, na niliukuza kwa maji ya kusuuzia nguo. Upepo wa kiangazi ulipoanza kugongesha matawi yake kwenye vigae, nilimwita mkata miti, mzee wa kwetu Murang'a. Nikamwambia, "Nisafishie huu mti," nikimaanisha apunguze matawi yanayogusa paa, kisha nikaenda kazini.

Jioni nilikuta mlingoti. Alikuwa amekata kila tawi, akabakisha kishungi tu kileleni, vile watu wa mashambani hukata mikima, ile miti ya mipakani mwa mashamba, ili wapate kuni. Kuni zenyewe alikuwa amezifunga vizuri, akaziweka mlangoni.

"Nimeusafisha, mama," aliniambia huku akifuta panga.

Nilimfokea mpaka majirani wakatoka. "Mzee, nani alikuambia huu ni mukima? Huoni hapa tunapikia gesi?"

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa upole, "Kwani kwenu kusafisha mti ni kufanya nini?"

Baba yangu alisafisha mikima yetu hivyo hivyo kila mwaka, na mbeba kuni nilikuwa mimi.