Kopo la Mwisho Ndani ya Friza

Mwezi uliopita nilikuwa Babati kikazi, na wenzangu wakanipeleka kula chakula cha mchana kwenye mgahawa mmoja mpya. Baada ya wali na kuku, mhudumu akaleta sahani zenye vipande vya keki iliyotoka kwenye oveni muda uleule, na juu ya kila kipande akaweka donge la aiskrimu. Wenzangu walifurahi, wakatoa simu na kuanza kupiga picha. Mimi nilishika kijiko, nikabaki nimekishika tu. Aiskrimu ilianza kuteremka pembeni mwa keki, na ile harufu ya unga wa moto unapokutana na maziwa ya baridi ikanipanda puani. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kutoa machozi mbele za watu. Siku ile nilisingizia pilipili ya kwenye kuku.

Nimelelewa na bibi yangu kijijini Endasak, upande ule ambao ukifungua mlango asubuhi unakutana na mlima kabla hujakutana na mtu. Mwezi wa sita ukungu ulishuka mpaka kwenye mahindi, na tulikwenda shule tumejifunga mashuka mabegani. Bibi alikuwa mtu wa kuoka. Hakuwa na oveni. Alikuwa na sufuria kubwa jeusi alilolitandika mchanga chini, akaweka sufuria dogo ndani yake, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu ya bati. Kila Jumamosi nilichekecha unga, nilipepea makaa, nilivunja mayai, na kama ganda limedondokea ndani nililitoa kwa kidole kabla hajaona. Alioka skonzi, keki ya boga, keki ya ndizi, na mkate wa mahindi ulioiva rangi ya udongo. Harufu ikishatoka, mbwa wa jirani alikuja kulala mlangoni kwetu.

Jirani huyo alikuwa mama wa makamo aliyeishi na binti yake mmoja. Mumewe alikuwa amefariki, na kati ya vitu alivyomwachia kulikuwa na friza kubwa jeupe, lenye kutu miguuni, lililonguruma kama paka aliyeshiba. Aliuza barafu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto wa shule. Ndiyo, hata kwenye baridi ile tulinunua. Watoto hawana akili ya hali ya hewa.

Binti yake alikuwa amenizidi miaka kadhaa, nami nilimwita dada. Alikuwa na mikono isiyotulia. Barafu za mama yake zilimchosha mapema, akaanza kuchemsha maziwa na viini vya mayai, kuyapoza, kuyaweka kwenye friza, kuyatoa, kuyakwangua kwa uma, kuyarudisha, mpaka yakawa laini. Hakuna aliyemfundisha. Alisema aliona tu kwamba yakiachwa yanakuwa jiwe, na yakisumbuliwa yanakuwa aiskrimu.

Jumamosi moja ya ukungu alikuja mbio na bakuli la aiskrimu yake ya ukwaju wakati bibi anafunua bati. Bila kuomba ruhusa akachota kijiko kimoja, akakiangusha juu ya keki ya boga iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Mtavunja meno," bibi akasema. "Moto na baridi havikai kinywa kimoja."

"Onja kwanza, bibi."

Bibi akaonja. Akafumba jicho moja. Akasema, "Hii ya ukwaju imelipenda boga. Lakini kwa ndizi hapana, zitagombana."

Kuanzia hapo wawili hao walikuwa hawakamatiki. Walikaa jikoni wakibishana kama wazee wanaojadili mahari: ubuyu uende na mkate wa mahindi au usiende, parachichi linafaa keki ipi, iliki iwekwe kwenye unga au kwenye maziwa. Jirani naye alivuka ua na kigoda chake akakaa pembeni akiwacheka. Mimi ndiye niliyeonjeshwa kila kitu, na kila kitu nilisema ni kitamu.

Aiskrimu iliyotuteka wote ilikuwa ya maziwa na asali, juu ya skonzi ya moto. Siri ilikuwa kwenye maziwa. Alituletea mama mmoja wa Kibarbaigi, mtu wa Dirma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake ng'ambo ya korongo. Alikuja na vibuyu mgongoni, amevaa sketi yake ya ngozi na bangili za shaba ulizozisikia kabla hujamwona. Vibuyu vyake alivisafisha kwa kijinga cha moto, kwa hiyo maziwa yalikuja yakiwa na moshi ndani yake. Siku dada alipompa aiskrimu kwa mara ya kwanza, aliiweka ulimini, akashtuka, akashika shavu. "Imeniuma," alisema, kisha akacheka mpaka bangili zikalia. Akaomba tena. Akasema hayo ni maziwa yaliyolala.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa nguvu. Korongo lilijaa, mama wa maziwa akawa haonekani. Siku anga lilipofunguka, dada akasema atakwenda yeye mwenyewe kuyafuata maziwa. Kabla ya kuondoka alinionyesha kopo la siagi lililofungwa mpira kwenye mfuniko, akalisukuma chini kabisa ndani ya friza.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Mpya. Hamtaijua mpaka Jumamosi."

"Niambie mimi peke yangu."

"Wewe utamwambia bibi kabla sijafika barabarani," akasema, akanivuta sikio, akachukua dumu, akaenda.

Kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa juu mlimani, ndani ya wingu ambalo hatukulitilia maanani. Maji ya korongo hayaji taratibu, rafiki yangu. Unasikia mawe kwanza. Sisi tulisikia yale mawe tukiwa shambani, na bibi akasimama na jembe mkononi, akageuka kuangalia kule, midomo ikicheza bila sauti.

Walimpata dada kesho yake, mbali chini, mahali mchanga unapotandaa kabla ya tambarare.

Sitakusimulia msiba. Nitakusimulia friza. Jirani aliacha kuuza barafu. Alitoa kila kilichokuwa ndani akakigawa, akaacha lile kopo peke yake, halafu akafunga mfuniko. Friza zima likawa linanguruma kwa ajili ya kopo moja. Jioni upepo ukitokea upande wake, mngurumo huo ulifika mpaka chumbani kwetu, na mimi nilijifunika shuka kichwani. Ukinyamaza ghafla, kama mafriza yanavyofanya, nilibana pumzi mpaka uanze tena. Nilikuwa nikiamini, na sijui nani aliniambia, kwamba dada alikuwa humo. Siku moja nilipita uani nikamkuta jirani ameweka shavu juu ya mfuniko, anazungumza kwa sauti ya chini, anaeleza kuku wametaga mangapi na nani amepita kusalimia.

Bibi hakuacha kuoka. Kila Jumamosi alinituma na skonzi zimefungwa kitambaa. Jirani alizipokea, akaziweka juu ya friza, na Jumamosi iliyofuata nilizikuta palepale, sisimizi wamezitoboa.

"Mbona huli, mama?" nilimuuliza mara moja.

"Hazina mwenzao," akanijibu.

Mama wa maziwa alirejea kupita kijijini kwetu kiangazi kilipoanza, lakini alizunguka kwa njia ya juu ili asipite mbele ya nyumba ya jirani. Wawili hao hawakuwa wamesemezana tangu siku ya maji. Watu walinong'ona kwamba yeye alikuwepo ng'ambo, kwamba aliona, na kwamba hakufanya kitu.

Kisha umeme ukakatika. Nguzo zilianguka mahali fulani njiani, na eneo letu lote likawa giza. Jirani alilifunika friza kwa mablanketi, kisha kwa magunia, kisha kwa nguo zake mwenyewe. Aliulizia mjini Katesh, akaambiwa na huko umeme hakuna. Asubuhi moja akaja kwetu. Nywele zake hazikuwa zimefungwa, na alikuwa amelikumbatia kopo kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Linalia," akasema. "Nimelitikisa, linalia maji ndani."

Bibi alimwangalia kwa muda. Nilidhani atamwombea, kwa sababu ndivyo alivyofanya kwa kila jambo. Badala yake aliniambia, "Leta unga."

"Mama, sikuja kula."

"Najua. Kaa." Bibi alikuwa ameshaanza kuwasha makaa. "Mtoto yule hakutengeneza kaburi. Alitengeneza chakula. Alitaka kiliwe Jumamosi, na Jumamosi yenyewe imechelewa sana."

Jirani alikaa chini, mgongo ukutani, kopo mapajani. Mimi nilichekecha unga nikiwa naogopa kumwangalia.

Skonzi zilipokaribia kuiva tulisikia bangili njia ya juu. Bibi akatoka nje akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Bangili zikasimama, kisha zikaanza kushuka. Mama wa maziwa alisimama mlangoni, hakuingia. Alimwona jirani, akaona na kopo.

"Nilimnyooshea fimbo," akasema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Aliigusa. Mkono wake uligusa fimbo. Maji yakavuta."

Nilisikia makaa yakipasuka juu ya bati.

"Aliigusa?" jirani akauliza.

"Aliigusa. Aliniangalia. Mimi nilikuwa hapo."

Jirani aliinamisha uso, na kwa muda mrefu tuliona mabega yake tu. Alipouinua alisogea kidogo ukutani, akapangusa sakafu kwa kiganja pembeni yake. "Nilidhani alikuwa peke yake," akasema. "Njoo ukae."

Akafungua kopo mwenyewe. Aiskrimu ilikuwa imeshakuwa nusu maji, nusu chembechembe za barafu, rangi ambayo haikuwa nyeupe wala kahawia. Bibi akapasua skonzi moja kwa kila mtu, mvuke ukatoka, na jirani akamwaga kijiko kimoja kimoja. Tulikula. Kwanza moto, kisha baridi, kisha vyote vikawa kitu kimoja, vikaisha.

"Ndizi," bibi akasema. "Ameweka ndizi za kuchoma."

"Iliki," jirani akasema. "Iliki nyingi mno. Nilimwambia asiiguse iliki yangu." Na akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, chenye makamasi, lakini kilikuwa kicheko.

Mama wa maziwa alisema ni asali, asali ya kule kwao, hawezi kukosea. Mimi nilisema ni moshi. Tulibishana, watu wanne na kopo tupu, kama zile Jumamosi zote, mpaka sauti zikapanda, na nina hakika kulikuwa na muda, labda pumzi moja tu, ambapo sote tuligeukia mlango tukimngoja mwenyewe aje kutuamulia.

Umeme uliporudi, jirani hakuliwasha tena friza. Alihifadhi mahindi humo. Mimi nilidhani kimya kitaniletea usingizi, lakini niliendelea kuamka na kusikiliza.

Sasa hayo yote hayapo. Bibi amelala kwenye kiwanja cha kanisa. Mama wa maziwa na watu wake walihama na ng'ombe kuelekea Getanuwas, na sikusikia tena habari zake. Korongo limepanuka, limekula nusu ya kiwanja chetu pamoja na jiko. Maziwa yanakuja kwa pikipiki, kwenye madumu ya plastiki, masafi, hayana harufu ya kitu chochote.

Jirani yu hai. Anaishi Mbulu kwa mdogo wake, na baada ya ile safari ya Babati nilipanda kwenda kumwona. Amekuwa mdogo sana wa umbo. Nilimsalimia shikamoo, akashika mkono wangu kwa muda akilitafuta jina langu kwenye kumbukumbu, akalipata. Tulizungumza habari za mvua, za vitunguu, za watoto wangu. Kisha akanisogelea, akashusha sauti, kama mtu anayeona aibu.

"Mwanangu, ile ya mwisho tuliyokula kwa bibi yako. Ilikuwa ya nini? Nimetafuta, nimetafuta, siipati mdomoni. Umebaki wewe tu wa kuniambia."

Nilifungua kinywa nikakuta na mimi sina. Nilikuwa na mvuke, nilikuwa na bangili, nilikuwa na mkono wake ukimwaga kijiko kimoja kimoja. Ladha yenyewe haikuwepo. Lakini alikuwa ananiangalia, na macho yake yalikuwa ya binti yake kabisa.

"Iliki," nikasema. "Aliweka iliki yako nyingi mno."

Akafumba macho. Niliona ulimi ukipita taratibu nyuma ya midomo iliyofungwa, ukitafuta, na uso wake ukaanza kulegea, na sikuthubutu kusema neno jingine.