Kosa Nililolisema Bombani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipopanga foleni ya maji hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, nikiwa nimevaa tai. Usicheke. Juzi yake nilikuwa nimerudi kutoka Mbarara na diploma ya ualimu, na sikutaka mtu yeyote apate taabu ya kunitambua.

Nilistahili kutambuliwa, nalisema mpaka leo. Niliondoka kambini na jozi moja ya ndala. Kule Kakoba, mtaa wa Mbarara, nilibeba mikungu ya matoke alfajiri, mchana nikasoma, wala hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Mtu aliyejijenga kwa mgongo wake ana haki ya kupiga kifua kidogo. Lakini heshima niliyoitarajia nilikuta imeshapata mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Faida, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba. Kibanda chake kilitazamana na bomba, na kila Jumamosi aliegemeza ubao nje akachora fumbo la maneno kwa chaki, miraba katikati na madokezo pembeni. Watu waliosubiri madumu yajae walibishana, wakajibu, wakalisahau jua. Walimwita Profesa. Mimi mwenye karatasi yenye mhuri nilikuwa "ule kijana wa Mama Nabintu." Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi niliona ninayo, na inatosha.

Siku hiyo Faida alichagua maneno ya makosa matupu: hatia, hitilafu, upotovu, dhambi. Lilibaki moja, "Doa dogo katika kitu kizuri, herufi sita." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti, "Dosari!" Faida akatabasamu, akaanza kuandika. Katika foleni alikuwamo mchungaji wetu, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuwafundisha watu wazima kusoma. Niliona jinsi alivyomtazama Faida. Darasa lenyewe sikulitaka. Sikutaka tu alipate yeye.

"Profesa, ficha chaki, bwana diploma amefika!" mzee mmoja akatania.

"Karibu, Mwalimu," Faida akasema. "Iko sawa ama haiko sawa?"

Lilikuwa jibu sahihi, mwanangu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

"Si sawa," nikasema. "Dosari ni hatia kubwa, ya kumfikisha mtu mahakamani. Huyu anawalisha maneno kinyume."

"Mwalimu, uko na hakika?"

"Nina diploma."

Yule mama mwenye mtoto akainamisha uso. Mchungaji akakohoa, akaligeukia dumu lake. Faida alifuta ubao wote, si neno moja tu, akauingiza ndani.

Mama mkubwa wangu, ndiye huyo Mama Nabintu aliyenilea, alisikia kila kitu. Tulipofika nyumbani alisema kabla hajatua dumu.

"Ile diploma balikupatia ni ya kubeshea batu, ya kubadanganya?"

Basi. Tangu hapo hakuniita tena Mwalimu, jina alilokuwa akilitamka kwa majirani kama anaonja asali. Nikawa "we kijana."

Nilijifariji kwamba kuteleza si kuanguka. Siku ya nne nilinunua kilo ya sukari, nikamwendea Faida kwa njia ya nyuma, penye migomba, nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Alikuwa anashona pindo la sketi, na hakuinua macho.

"Uliniharibia mbele ya batu, sasa unakuja kunitengeneza mu nyumba? Beba sukari yako. Enda useme fasi ile ile."

Nikakasirika. Mimi, nikatubu penye foleni ya maji! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikaa wiki tatu nikiutazama ufa. Kila Jumamosi nilipita pale, nikakuta watu wamenyamaza na ubao haupo, na kiburi changu kikaanza kuninuka mwenyewe. Jumamosi ya nne nikasimama karibu na bomba.

"Dosari lilikuwa jibu sahihi," nikasema. "Nilijua. Nilidanganya kwa sababu mnamwita Profesa, na mimi hamniiti kitu."

Kisha yule mzee wa utani akasema, "Tumesikia, Mwalimu. Sasa sogea, maji inamwagika."

Mchungaji alimpa Faida darasa, naye alilifundisha vizuri, labda kuliko ambavyo ningelifundisha mimi. Nimesema labda. Lakini siku ile nilipokiri bombani, yule mama mwenye mtoto sikumwona. Nikauliza. Wakaniambia familia yake ilipanda basi Jumatano iliyotangulia, wamepata safari ya kwenda kuishi ng'ambo. Hakuna aliyejua mji. Nimejenga nyumba ya mabati, nimefundisha watoto wa watoto, na mahali fulani duniani kuna mwanamke anayeamini alikosea siku ile, kwa sababu msomi alimwambia.

Mwanangu, wivu hauponi kwa kumwangusha mwenzako. Ukimharibia mtu jina barazani, lisafishe barazani, usiende chumbani na sukari. Na ufanye haraka, kwa maana watu wa hapa kwetu ni wasafiri; waliokusikia ukikosea huenda wasiwepo siku utakayojirekebisha. Elimu yako itumie kumwambia aliyepatia kwamba amepatia, hata kama inakuuma kooni.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na miguu ya kuwahi kabla basi halijaondoka. Na kila anayestahili sifa, azisikie kutoka kinywani mwako kwanza. Amina.