Kidole Gumba cha Muhidini

Mzee Muhidini ana dharau kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsalimia, na humsalimia karibu kila siku kwa sababu ni mtani wangu. Yeye ni Mzaramo, babu yake aliletwa Shinyanga na kazi ya reli. Mimi Nkwabi ni Msukuma wa hukuhuku. Shikamoo nampa kwa umri wake. Akishaitikia marahaba, heshima imekwisha, tunaanza kutukanana.

Ujana wake wote alikata nyasi kwenye nyumba za wakubwa wa mgodi kule Songwa. Alipostaafu alimfuata binti yake Zuhra hapa Katoro, akaja na mashine kuukuu ya chuma aliyopewa kwa kuagwa, pamoja na majivuno yake. Sasa Katoro imejaa watu waliopata dhahabu juzi, na aliyepata dhahabu juzi leo anataka bustani ya ukoka, hata kama maji ya kumwagilia ananunua kwa madumu. Watu hao hawajui mashine ya kukata nyasi inakaguliwaje. Wao hutazama rangi. Basi wakaanza kumwita Muhidini awakagulie, na hapo ndipo mimi, mwenye duka la mashine, nikapata adui.

Huingia dukani bila kuuliza bei. Huipindua mashine tumbo juu kama anayenunua mbuzi mnadani, hukandamiza bati la chini kwa kidole gumba, halafu huvuta kamba polepole akisikiliza. Kisha huagiza chai. Si ya kunywa. Huiwasha mashine, huweka glasi juu ya injini, na chai ikimwagika husema neno moja tu, "Takataka," akaondoka na mteja wangu. Nami nakuambia, chai humwagika kila mara. Nilipomweleza kwamba hakuna injini isiyotikisika, alinijibu kwamba ya kwake haitikisiki, na kwamba mtu aliyekulia nyuma ya mkia wa ng'ombe hawezi kuelewa habari za injini.

Ya kwake! Ilikaa uani kwa Zuhra, imefunikwa kitenge kama bibi harusi, na kila Idi aliipaka rangi mpya ya kijani. Kazi yake ilikuwa kukata kipande cha ukoka mbele ya nyumba, ambacho mbuzi mmoja mwenye njaa angekimaliza kabla ya adhuhuri. Mashine zote za mji huu zilipinduliwa, isipokuwa hiyo. Nyani haoni kundule.

Mwaka huu maji yalinifika shingoni. Firoz, tajiri wa Shinyanga anayeniletea mashine, alinitumia ujumbe kwamba zisipotoka atampa muuzaji mwingine. Wakati huohuo Mama Donatus, mwenye shule ya msingi kwenye njia ya Ushirombo, alikuwa anatafuta mashine ya uwanja wake kabla ya mahafali. Akinunua yeye, shule nyingine na nyumba za wageni zingemfuata. Lakini naye alimwamini Muhidini. Akamleta dukani, nikatoa mashine yangu nyekundu, chai ikamwagika.

Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia mzee, mbele ya Mama Donatus, alete chuma chake uwanjani nami nilete takataka yangu, kila mmoja akate nusu. Alicheka mpaka akashika kiuno, akakubali palepale. Mtu wa dharau hawezi kukataa watazamaji.

Jumamosi asubuhi walimu walijipanga kivulini, na wapishi wakaacha sufuria zao kuja kutazama. Mashine yake iliteremshwa kwenye guta la magurudumu matatu, ikavuliwa kitenge, ikang'aa. Na kweli ilianza kwa heshima. Ilinguruma taratibu bila kutikisika, na kila alipopishana nami alinitazama kama mtu anavyotazama viatu vilivyotoboka. Yangu ilipiga kelele, ikatapika nyasi huku na huku, ikazimika, nikaiwasha, ikazimika tena. Nilimlaani Firoz kimoyomoyo.

Walipofika katikati ya uwanja, yeye na chuma chake, ukatoka moshi mweusi. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta kamba, kamba ikagoma. Injini ilikuwa imenoki.

Nilifurahi, sifichi. Nilimaliza nusu yangu polepole ili kila mtu aone vizuri. Lakini Mama Donatus ana huruma, akamwahi mzee.

"Babu, ni petroli hii ya kwenye chupa," alimwambia. "Wanaichakachua. Kosa si lako."

Walimu wakaitikia, maana kila mmoja alishawahi kuuziwa petroli mbaya. Mzee alikuwa amefunguliwa mlango. Angepita hapo, neno lake lingebaki neno mjini Katoro, nami ningebaki muuza takataka. Nilijua atapita. Mwenye kiburi kile nilidhani hana njia nyingine.

Muhidini aliinama, akaikumbatia mashine yake, akaipindua. Huku chini hakukuwa na rangi ya Idi, ilikuwa kutu tupu. Akakandamiza bati kwa kidole gumba, na kidole kikatokeza upande wa pili. Alikichomoa kikiwa kinavuja damu.

"Takataka," alisema, kwa sauti ileile anayoitumia dukani kwangu.

Kisha akaijia yangu. Hakuomba chai. Aliipindua, akakandamiza, akaacha damu kwenye bati.

"Hii nayo takataka," alimwambia Mama Donatus. "Lakini inakata. Nunua."

Akaja kusimama mbele yangu. Utani una sheria zake: mtani wako akianguka, humwinui kabla hujamcheka. Matusi ya siku hiyo nilikuwa nimeyaweka akiba kwa muda mrefu, makali, tena mengi, na uwanja mzima ulikuwa unanisubiri.

"Haya, Msukuma," alisema. "Zamu yako."

Nikashika chuma chake upande mmoja, yeye akashika upande mwingine kwa ule mkono mzima, tukaanza kukipeleka kwenye guta. Tulipofika nusu ya njia akaniambia kwamba Wasukuma hata kubeba hatujui.